SOMO LA KAZI: KUPANDA VISIKI VYA MITIKI



Safari hii tunafundishana juu ya miche ya mitiki inayopelekwa shambani bila udongo. Tunawaandikia hasa wenzetu wa Uganda ya Kaskazini, ambako mti huu unapandwa, kwa sababu manung'uniko ni yale yale: miche imekauka, mpandaji anakatwa mshahara.

Mche wa kitaluni ukifikia unene wa kidole gumba hung'olewa. Shina hukatwa likabaki sentimita 2 au 3 juu ya shingo, na mzizi mkuu sentimita 15 hadi 20. Majani na mizizi midogo huondolewa. Asiyezoea atadhani ni kuni, kumbe akiba ya chakula imo ndani ya mzizi ule, na chipukizi litatoka karibu na shingo. Kisu kiwe kikali. Panga butu hupasua gome.

Adui ni jua na upepo. Visiki vikifungwa katika magunia yenye unyevu na kuwekwa kivulini huvumilia siku kadhaa. Vikiachwa wazi juu ya lori tangu asubuhi hata saa nane, vingine hufa njiani, na kwa macho huwezi kuvitambua. Kwaruza gome kwa ukucha: ndani pawe pabichi. Pakiwa pakavu na pa kahawia, hicho hakifai.

Kwa hiyo kabla ya kupokea mzigo, kwaruzeni visiki vichache vya kila gunia mbele ya nyapara, na vilivyokauka viandikwe kabla kazi haijaanza. Hekta moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua visiki 1,111. Majuma yakipita, nani atakumbuka gunia lipi lilifika limekufa? Atalaumiwa mwenye ngwe.

Kupanda kwenyewe kungoje mvua iloweshe ardhi mpaka chini. Toboeni shimo kwa mtaimbo, refu kama mzizi, ili usipindike. Kisiki kisimame wima, shingo ilingane na udongo. (Wageni wengine hukipanda kichwa chini, waonyesheni shingo kwanza.) Shindilieni udongo toka ubavuni, maana nafasi ya hewa hukausha mzizi. Kisha vuteni kidogo: kikitoka, rudieni. Kila mtu achukue visiki vya muda mfupi tu, vingine vibaki kivulini.

Mitiki michanga haistahimili magugu. Palizi ni kazi nyingine yenye malipo yake. Msikubali ihesabiwe ndani ya ngwe ya kupanda.