Unene wa Bomba la Fremu ya Baiskeli

Siku za soko la Tengeru, karibu na Arusha, baiskeli huteremka kutoka vijiji vya Mlima Meru zikiwa na mikungu ya ndizi. Mzigo huo, pamoja na mitikisiko ya njia yenye mawe, huchukuliwa na mabomba ya chuma ambayo kuta zake hazifiki unene wa milimita 2. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kwa nini unene hutofautiana kwa kila metali.

Bomba na nondo

Bomba linapopindwa, upande mmoja hubanwa na wa pili huvutwa. Metali iliyo katikati haifanyi kazi kubwa. Tuseme bomba la chuma lina kipenyo cha nje cha mm 28.6 na ukuta wa mm 0.9. Chuma hicho kikifanywa nondo ya urefu ule ule, kipenyo chake kitakuwa mm 10 hivi. Uzito haubadiliki, lakini bomba lina ukakamavu wa karibu mara 15 ya ule wa nondo. Sababu ni kwamba ukakamavu wa bomba jembamba hulingana na unene wa ukuta ukizidishwa kwa kipeo cha tatu cha kipenyo.

Metali tatu

Chuma: densiti 7.8, moduli ya Young 205.
Titani: densiti 4.5, moduli 110.
Alumini: densiti 2.7, moduli 70.
(Densiti ni gramu kwa sentimita ya ujazo, moduli ni gigapaskali.)

Alumini ni nyepesi, lakini hupindika upesi. Kwa hiyo bomba lake hupanuliwa. Bomba la alumini la kipenyo cha mm 40 na ukuta wa mm 1.2 hulishinda lile la chuma kwa ukakamavu, na uzito wake ni kama theluthi mbili tu.

Mipaka ya wembamba

Ukuta ukipunguzwa mno, bomba hubonyea kama kopo. Tena nguvu nyingi hukusanyika kwenye maungio. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya bomba lenye ukuta mnene kwenye ncha na mwembamba katikati.

Wembamba una gharama yake kwa fundi. Moto wa kuchomelea kwa umeme hutoboa kwa urahisi ukuta usiofika mm 1. Kulehemu kwa shaba ya manjano ni salama zaidi, kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzi 900 za Selsiasi, ilhali chuma huhitaji karibu 1,500. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, nayo haiungwi kwa vijiti vya kuchomelea chuma. Kwa mchukuzi wa ndizi, basi, fremu nzito ya chuma ina faida: ikivunjika, huungwa karibu na nyumbani.

Jaribio

Weka karatasi bapa juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha weka sarafu katikati yake. Viringisha karatasi ya pili iwe bomba, uifunge kwa uzi, urudie. Linganisha idadi ya sarafu zilizobebwa.

Maswali

1. Kipenyo kikiongezwa mara mbili na unene ukipunguzwa kwa nusu, uzito na ukakamavu hubadilikaje?
2. Kwa nini si vyema kusugua kwa tupa kiungo kilicholehemiwa hadi ukuta wa bomba upungue?