Alikuwa Akisema, Kisha Akanyamaza: Chanjo, Usonji na Watoto Wetu

Mzazi anaposema, "Mwanangu alikuwa akisema baba, akisema maji, akapelekwa kudungwa sindano ya miezi 18, na tangu hapo kanyamaza," asikemewe. Amemwona mtoto kwa macho yake, na hakuna amjuaye mtoto kuliko aliyemlea. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila nyumba ya Mji wa Kale, Makadara, Majengo na kisiwa kizima cha Mombasa ambamo swali hili huulizwa: je, ni chanjo iliyomletea mtoto usonji?

Jibu ni hapana. Lakini mtu mwenye uchungu hatosheki na hapana tupu, kwa hivyo tueleze lilivyopatikana.

Uvumi ulikotoka

Februari 1998 daktari wa London, Andrew Wakefield, pamoja na wenzake walichapisha makala katika jarida la Lancet juu ya watoto 12. Kwa watoto hao 12 tu, aliitilia shaka chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Wazazi wengi wa Uingereza wakaingiwa na hofu. Baadaye mwandishi wa habari Brian Deer alifukua mambo mawili mazito: Wakefield alikuwa amelipwa na wakili aliyekuwa akitayarisha kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na habari za watoto alizochapisha hazikulingana na rekodi zao za hospitali. Mwaka 2010 Lancet liliifuta makala ile, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza.

Makala ilifutwa, uvumi ukabaki. Ulifika mpaka Minneapolis, Marekani, kwa Wasomali waliohamia kule, watu wenye jamaa zao hapa Kenya. Wazazi wale waliona watoto wao wengi wana usonji, wakauliza sababu, wasipate mtu wa kuwajibu vizuri. Waliojitokeza kuwajibu ni wapinga chanjo, na Wakefield mwenyewe alikwenda kuzungumza nao. Mwaka 2004 watoto 92 katika kila 100 wa Kisomali jimboni Minnesota walikuwa wamepata chanjo ya surua. Kufikia 2014 walikuwa 42. Mwaka 2017 surua ikaingia, watu 75 wakaugua, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa. Wa kulaumiwa hapo si wale wazazi. Waliachwa peke yao na swali lao.

Watafiti walivyotafuta

Denmark kila mtoto ana nambari yake ya serikali, na chanjo zake na magonjwa yake yote huandikwa. Watafiti waliwafuatilia watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010, waliopata chanjo ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela na wasioipata. Watoto 6,517 kati yao walionekana kuwa na usonji. Kama sindano ndiyo sababu, waliochanjwa wangekuwa na usonji zaidi. Hawakuwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2019.

Utafiti huo uliangalia pia watoto ambao kaka au dada yao ana usonji, kwa kuwa ndio wazazi huwahofia zaidi. Hata hao, chanjo haikuwazidishia hatari. Marekani nayo, mwaka 2015, ilichunguza karibu watoto 96,000 wenye kaka au dada wakubwa, ikapata jibu lilelile. Na mjini Yokohama, Japani, chanjo hii ya mchanganyiko iliachwa kutolewa mwaka 1993. Idadi ya watoto wenye usonji iliendelea kupanda.

Wapo wanaohofia zebaki, inayotumiwa kwa kiasi kidogo sana kuhifadhi baadhi ya chanjo za chupa ya dozi nyingi. Chanjo ya surua na rubela haina zebaki kabisa. Denmark iliacha kuitumia katika chanjo za watoto tangu 1992, na usonji haukupungua.

Mbona basi huonekana kama sindano?

Kwa sababu ya umri. Hapa Kenya mtoto hupewa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Umri huo wa pili ndio tunaomtarajia aongeze maneno, aonyeshe kitu kwa kidole, amletee mamake kichezeo ili wakitazame pamoja. Baadhi ya watoto wenye usonji huanza kusema, kisha maneno hupotea, na mara nyingi hutokea kati ya miezi 15 na 24. Sindano na ukimya hukutana katika kipindi kimoja bila kimoja kuzaa kingine.

Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitazama video za nyumbani za watoto siku walipotimiza mwaka mmoja. Waliokuja kujulikana baadaye kuwa na usonji tayari walikuwa wakitazama nyuso za watu kwa nadra, na wakiitwa jina hawageuki. Nawe fungua simu, utafute video ya mwanao siku ya Idi au kwenye arusi ya shangazi yake. Anapoitwa katikati ya kelele zile, hugeuka? Tazama bila kujilaumu. Dalili hizi ni ndogo, na hata madaktari huzikosa.

Usonji kwa sehemu kubwa hutokana na urithi, na ubongo huanza kukua kwa njia tofauti mtoto angali tumboni. Watafiti Joseph Gona, Amina Abubakar na wenzao waliwahoji wazazi na wataalamu wa Pwani yetu, na mwaka 2015 wakachapisha waliyoyasikia: majini, uchawi na laana, pamoja na shida za uzazi, maradhi na urithi. Mama wengi hubeba lawama hizi zote. Mama hana kosa.

Ipo sababu moja ambayo chanjo huizuia. Mjamzito akipata rubela, hasa miezi ya mwanzo, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi, mwenye mtoto wa jicho au ugonjwa wa moyo. Na baada ya mlipuko wa 1964 na 1965 Marekani, daktari Stella Chess aliona usonji mwingi mno miongoni mwa watoto wa namna hiyo. Kenya ilianza kuchanja rubela pamoja na surua mwaka 2016.

La kufanya

Baada ya sindano hii mtoto huweza kupata homa au vipele kati ya siku ya 7 na ya 12, kisha hupoa. Akishikwa na degedege kwa homa, akimbizwe hospitali. Surua yenyewe ni kali kuliko hayo. Virusi vyake hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 huambukizwa. Tunaoishi ghorofa zilizobanana, watoto wakisoma chuo kimoja na kupita kichochoro kimoja, tupime wenyewe.

Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, wa miezi 18 asiyeonyesha kwa kidole wala hana neno, au wa umri wowote aliyepoteza maneno, apelekwe kliniki sasa. Usikubali kuambiwa "atasema tu, babake pia alichelewa." Omba kwanza apimwe masikio, kisha aandikiwe kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara. Akifika umri wa shule, uliza kituo cha EARC cha ofisi ya elimu, kinachotathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Akisomewa dua na kunyweshwa kombe nyumbani, asomewe. Tarehe ya kliniki nayo isipite.

Na mdogo wake, ukienda, mchukue pamoja na kitabu chake cha kliniki. Kama sindano ya miezi 18 ilimpita, mwambie nesi. Bado anaweza kuipata.