Afya ya kesho huandaliwa jioni

WATU wengi wa mjini wakiambiwa watunze afya yao hujibu upesi kwamba afya ni ya wenye pesa. Hudhani kula vizuri ni kununua vyakula vya bei ghali, kuvaa vizuri ni kuvaa nguo mpya, na mazoezi ya mwili ni ya wale wanaolipa ada katika vilabu. Sivyo hata kidogo. Mambo matatu yaliyo karibu nawe kila siku, yaani mkebe wa chakula, nguo za mitumba na lengo dogo uliloliandika kwenye daftari, yanaweza kukulinda na maradhi mengi ukiyapanga jioni kabla ya kulala.

Chukua mfano wa mtaa wa Ziwani, Nairobi. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mji. Hauko mbali na soko la Kariokor, wala na Gikomba, ambalo ndilo soko kubwa la mitumba nchini Kenya. Mkazi wa huko anaweza kufika katikati ya jiji kwa miguu. Mboga na matunda humjia karibu na mlango kwa mama mboga. Kwa hivyo vifaa vya afya bora anavyo. Kinachomsumbua ni haraka ya asubuhi, ambayo humfanya atoke tumbo tupu, akimbilie matatu, na saa saba mchana anunue chipsi na soda.

Gharama ya haraka hiyo

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja. Tena, zaidi ya watu tisa kati ya kila kumi hawakula mboga na matunda ya kutosha.

Shinikizo la damu ni ugonjwa wa kimya. Mtu huenda kazini, hucheka na wenzake, hali moyo, figo na mishipa ya ubongo inaumia. Wengine huja kujua siku wanapopooza upande mmoja. Kwa hivyo msomaji asilichukulie suala la mkebe wa mchana kuwa jambo la wanafunzi tu.

Kitu gani kiwekwe mkebeni?

Mkebe mzuri una sehemu nne. Ya kwanza ni chakula cha kutia nguvu, kama vile viazi vitamu, nduma, chapati au mahindi. Ya pili ni chakula cha kujenga mwili: maharagwe, ndengu, kamande, omena au mayai. Ya tatu ni mboga, na ya nne ni tunda. Nusu ya chakula chako ikiwa mboga na matunda, umefanya vyema. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Githeri, ambayo vijana wengine huidharau, ni chakula cha maana sana. Protini ya mahindi ina upungufu fulani, na ile ya maharagwe huujaza. Hata hivyo, chagua mahindi makavu yaliyo safi. Punje zenye kuvu huweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui.

Usisahau chungwa au kipande cha nanasi. Vitamini C iliyo ndani yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Chai nayo huyazuia madini hayo. Basi usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja hivi. Jambo hili ni muhimu hasa kwa akina mama na wasichana, ambao mara nyingi hupungukiwa na damu.

Kuhusu chumvi, kipimo cha siku nzima kisizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Humo hesabu pia chumvi iliyofichika katika unga wa mchuzi wa kununua, soseji na vibanzi vya pakiti. Tumia kitunguu, dhania, tangawizi na ndimu, na ulimi wako utazoea.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mkebeni huoza! Hapa ndipo wengi hukosea, hasa wasio na friji. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Vijidudu huzaana upesi chakula kinapokuwa vuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi. Chakula kilichofungwa saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa saba mchana kimekaa muda wa saa saba.

Wali ni wa kuangaliwa zaidi. Kuna aina ya bakteria ambayo mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukiachwa vuguvugu, mbegu hizo huamka na bakteria hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiki hata ukiupasha moto wali wenyewe mpaka utoe mvuke. Kwa hivyo kupasha moto si dawa ya kila kosa.

Basi mtu asiye na friji afanyeje? Zipo njia mbili.

Njia ya kwanza ni kubeba chakula kikiwa moto sana. Tafuta themosi ya mdomo mpana. Asubuhi itie maji yanayochemka, uifunge kwa dakika tano, uyamwage, kisha utie chakula moja kwa moja kutoka jikoni kikiwa kinatokota. Mchana chakula hicho kinapaswa kuwa moto wa kutoa mvuke. Kikiwa vuguvugu, themosi hiyo haifai kwa kazi hii. Ukiinunua ya mtumba, kagua kifuniko na mpira wake.

Njia ya pili ni kubeba vyakula visivyoharibika upesi: chapati kavu, njugu karanga, ndizi, chungwa, karoti iliyooshwa vizuri na parachichi ambalo halijakatwa. Hivyo havihitaji moto wala friji.

Kazi ya jioni ni kuchagua na kuloweka ndengu au kamande, kuosha mboga na kusugua mkebe kwa maji moto na sabuni. Nafaka hizo zikilowekwa usiku huiva upesi asubuhi, nawe huna haja ya kulaza chakula kilichopikwa. Usitumie mikebe iliyokuwa na rangi au dawa. Wala usifungie chapati kwa gazeti, hata hili unalolisoma, kwa sababu wino wake haukutengenezwa kuliwa.

Faida ya mfukoni nayo ipo. Tuseme chakula cha kihotelini ni shilingi 100 na cha nyumbani ni shilingi 50. Kwa siku 26 za kazi utabakisha shilingi 1,300. Hizo ni pesa za matunda, au za viatu vizuri vya kutembelea.

Nguo za mitumba

Hakuna aibu kuvaa mitumba. Wakubwa kwa wadogo huvaa, na mara nyingi kitambaa huwa imara kuliko cha nguo mpya za bei rahisi. Lakini ukinunua, usiivae kabla ya kuifua.

Wengine husema uchafu wote uliisha safarini. Ni kweli kwamba wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku chache nje ya mwili wa mtu, na marobota hukaa baharini kwa majuma mengi. Lakini fikiria: tangu robota lifunguliwe sokoni, shati hilo limejaribiwa na watu wangapi? Isitoshe, lina vumbi, na pengine kuvu na dawa zilizopuliziwa kuzuia wadudu, ambazo huweza kuwasha ngozi na kifua.

Loweka nguo jioni katika maji moto na sabuni, kama kitambaa kinastahimili. Asubuhi isugue, isuuze mara mbili na uianike juani. Ikikauka, ipige pasi ya moto, hasa kwenye mishono, maana humo ndimo mayai ya chawa hujificha. Nguo isiyostahimili maji moto ifunge ndani ya mfuko kwa majuma mawili kwanza. Nguo za ndani nunua mpya. Tanzania imepiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani za mitumba kwa sababu ya afya.

Viatu vinahitaji uangalifu zaidi. Kiatu kilichovaliwa hushika umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiwa kimelika upande mmoja, kiache, kwani kitakuumiza kifundo na goti. Jaribu kiatu nyakati za jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uhakikishe pana nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Nyumbani toa soli ya ndani, uifue au uibadilishe, na uanike kiatu mpaka kikauke kabisa ili usipate ukungu wa vidole.

Mgonjwa wa kisukari asichukue kiatu kinachobana hata kwa bei ya bure. Ugonjwa huo huweza kufisha neva za mguu, mtu akapata kidonda asisikie uchungu. Kidonda kidogo cha namna hiyo kimewafanya wengi wakatwe mguu. Mgonjwa huyo aitazame miguu yake kila jioni, mpaka katikati ya vidole.

Lengo lenye kipimo

Mwanzo wa mwaka watu hutangaza, "Nitapunguza unene," au, "Nitatunza afya." Maneno hayo ni matamanio, si malengo. Lengo husema utafanya nini, lini, wapi na mara ngapi.

Mtu wa Ziwani aandike hivi: "Nitakwenda kazini mjini kwa miguu, dakika 30, Jumatatu hadi Ijumaa." Dakika 30 mara siku tano ni dakika 150. Hicho ndicho kiasi cha chini cha mwendo wa kasi ambacho Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima atimize kwa juma. Hakulipa ada yoyote, na nauli imebaki mfukoni. Mwendo wa kasi ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Anayefanya kazi mbali ashuke matatu kabla ya kituo chake.

Usianze na malengo kumi. Anza na moja, ulitie alama kwenye daftari kila siku ulipolitimiza. Ukikosa siku moja, usilitupe daftari. Endelea kesho yake.

Lengo jingine ni kupimwa. Kipimo cha shinikizo la damu kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kirudie hivyo siku nyingine, muone daktari. Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya wa jamii nchini Kenya wamekuwa wakipewa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari wanapozuru nyumba. Anapobisha hodi, mkaribishe. Anayetumia dawa tayari asiziache kwa sababu ameanza kutembea au kubeba mkebe. Mambo haya huisaidia dawa, hayaiondoi.

Somo la juma hili

Kila jioni, kabla ya kulala, jiulize maswali haya manne na ujibu kwa kalamu:

1. Kesho mchana nitakula nini, na kitakuwa salama hadi saa hiyo?

2. Tunda langu la kesho ni lipi?

3. Nguo na viatu vya kesho ni safi, vikavu, na havinibani?

4. Kesho nitatembea kutoka wapi hadi wapi, na kwa dakika ngapi?

Fanya hivyo kwa siku saba, kisha uhesabu alama zako na shilingi ulizobakisha. Robo saa ya jioni yatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha afya hujazwa na mkono wa mwenyewe.