Kioo Chako na Kioo cha Mwenzako: Vidokezo kwa Dereva wa Pikipiki

Simama dakika tano kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, iwe Mwenge au Mbezi Mwisho, uhesabu vioo. Pikipiki hii ina kioo kimoja, ile haina hata kimoja, ya tatu inavyo vyote viwili ila vimekunjwa kwa ndani vinamtazama dereva usoni. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: vinagonga magari kwenye foleni. Ni kweli vinagonga. Lakini dereva asiye na kioo hajui kinachomjia nyuma mpaka akisikie, na kwenye Barabara ya Morogoro saa kumi na mbili jioni masikio hayasaidii kitu. Nimeendesha pikipiki Dar es Salaam miaka mingi, na haya ndiyo ningemwambia mdogo wangu siku anayokabidhiwa ufunguo.

1. Virudishe, uvikaze

Nafasi ambayo vioo havipiti, usukani wenyewe unapita kwa kubahatisha, na abiria wako ameshaanza kubana magoti. Hiyo si nafasi ya kupita. Subiri, magari yatasogea. Kisha hakikisha nati ya chini imekazwa kwa spana, maana kioo kilicholegea hugeuzwa na upepo kidogo kidogo, na utagundua siku unayokihitaji.

2. Vitege mzigo ukiwa juu

Wengi hutega vioo pikipiki ikiwa kwenye stendi, wao wamesimama pembeni. Kaa kwenye siti kama unavyokaa safarini, pikipiki iwe wima kwenye matairi yake. Ukingo wa ndani wa kioo uonyeshe kipande kidogo tu cha bega au kiwiko chako, sehemu yote iliyobaki iwe barabara. Mstari wa mbali, pale lami inapokutana na anga, uwe karibu na katikati ya kioo.

Halafu abiria apande. Hapo wengi hawaangalii. Uzito wa abiria na furushi lake unadidimiza shokapu za nyuma, pua ya pikipiki inanyanyuka, na kioo kinaelekea chini. Ulichokuwa unakiona mita mia moja nyuma kimepotea, sasa unaona lami ya karibu na labda goti la mama wa watu. Ukipakia, sukuma kioo juu kidogo kwa kidole. Ukishusha, kirudishe. Ni kazi ya sekunde mbili.

3. Usiamini umbali unaouona

Vioo vya pikipiki nyingi vimebinuka kidogo ili vionyeshe eneo kubwa, kwa hiyo kila kitu humo huonekana kidogo na cha mbali kuliko kilivyo. Tazama mara moja, rudisha macho mbele, tazama tena. Kama gari limekua kati ya mtazamo wa kwanza na wa pili, linakuja kwa kasi. Gari la kilomita 80 kwa saa linalomfuata mtu wa kilomita 50 linapunguza umbali kwa zaidi ya mita 8 kila sekunde. Likiwa mita 40 nyuma yako, una chini ya sekunde tano.

Na kioo kikitetemeka hadi picha inavurugika, legeza mafuta kidogo. Injini ikishuka mizunguko, picha hutulia.

4. Kioo, indiketa, kioo, bega

Mpangilio huu ushike kama namba yako ya simu. Unataka kuhama njia: tazama kioo, washa indiketa, tazama kioo tena, kisha geuza kidevu mpaka karibu na bega upande unaokwenda. Ndipo uhame.

Bega nililidharau kwa muda mrefu. Siku moja kwenye Barabara ya Sam Nujoma nilitazama kioo cha kulia, kilikuwa cheupe kabisa, nikaanza kuvuta kulia. Nikasikia honi ndogo karibu na goti. Bajaji ilikuwa ubavuni mwangu, imeshapita eneo la kioo lakini haijafika mbele ya macho yangu. Tairi lake la mbele lingenigusa mguu kama yule bwana asingekuwa mwangalifu kuliko mimi. Kila kioo kina sehemu ya ubavuni kisiyoiona, na sehemu hiyo inatosha kuficha bajaji nzima.

Jambo moja la kuongeza: indiketa za pikipiki nyingi hazijizimi zenyewe kama za gari. Ukishakata kona, izime. Mwenye gari anayesubiri kuingia barabarani akiiona inapepesa ataamini unakata, ataingia, nawe unakwenda moja kwa moja.

5. Nyuma kwanza, breki baadaye

Kabla hujafunga breki kwa sababu yoyote isiyo ya ghafla, tupia jicho kioo. Aliye nyuma yako akiwa ameng'ang'ania tairi lako, anza kupunguza mapema, uguseguse breki ili taa imwamshe.

Ukisimama kwenye taa, kazi haijaisha. Usisimame katikati nyuma ya gari. Kaa upande mmoja, acha nafasi ya kutokea, gia namba moja ikiwa ndani na klachi imeshikwa, macho kwenye kioo mpaka gari la kwanza nyuma yako lisimame kabisa. Likija halipungui mwendo, una mahali pa kukimbilia.

6. Gawa njia yako mara tatu

Gari hujaza njia yake. Pikipiki haijazi, na hiyo ni nafasi uliyopewa uitumie. Ichukulie njia yako kuwa na sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia.

Kushoto kabisa ndiko bodaboda wengi wanakojibana, na ndiko kuna mchanga, misumari, mashimo ya ukingoni, watoto, na milango. Gari lililoegeshwa kushoto, dereva wake hufungua mlango wa kulia, yaani upande wako. Pita mbali nalo kiasi kwamba mlango ukifunguka wote haukufikii.

Katikati panaonekana safi lakini karibu na taa na vituo ndipo magari yanapodondosha oili yakisimama. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua ule uchafu, na tairi la pikipiki huteleza kama limewekwa juu ya sabuni. Penye mistari ya matairi ya magari ndipo lami ilipofutwa vizuri.

Mstari wa kulia, pale linapopita tairi la kulia la gari lililo mbele yako, ndipo ninapopapenda mchana wa kawaida. Dereva wa huku kwetu anakaa kulia, kwa hiyo hapo ananiona kwenye kioo chake cha karibu. Mbele naona mapema, na wa nyuma yangu hapati tamaa ya kunibana njia moja naye. Ila kwenye barabara nyembamba ya njia mbili, lori likija mkabala au ikiwa kona ya kulia, sogea kushoto kidogo. Hakuna sehemu ya kudumu. Unahama ndani ya njia yako kufuata hatari ilipo.

7. Tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake

Ukiwa karibu na gari, jiulize: naona uso wa dereva kwenye kioo chake? Kama humwoni, naye hakuoni. Kwa lori la kontena hili ni suala la uhai. Likitaka kukata kushoto huanza kwa kujitanua kulia, likaacha uwazi mtamu upande wa kushoto. Mwenye haraka anaingia. Tela linapofuata hukata kona kwa ndani kuliko kichwa, na uwazi ule unafungika. Kaa nyuma, liache limalize.

Ukimfuata mtu, hesabu kuanzia anapopita nguzo: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukifika nguzoni kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Kwa kilomita 50, sekunde mbili ni mita 28 hivi.

8. Daladala kituoni

Usipite kushoto kwake. Mlango uko huko na watu wanashukia huko.

9. Soma kivuli chako

Jua likiwa chini, tazama kivuli chako kimelala wapi. Kikiwa mbele yako, jua liko mgongoni kwako na linampiga machoni kila anayekuja mkabala. Jioni ukitoka Kimara kwenda mjini, wote wanaorudi Mbezi wanalitazama jua, na anayetaka kukata kulia mbele yako huenda asikuone hata ukivaa kizibao cha rangi kali. Punguza mwendo kwenye kila makutano. Kivuli kikiwa nyuma, anayekufuata naye analitazama jua lile lile unaloliona wewe. Gusa breki mapema.

10. Mwendokasi iko kulia kwako

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yanapita kwenye njia yao katikati ya Barabara ya Morogoro. Maana yake ukiwa umeshafika njia ya mwisho kulia na unataka kukata, bado kuna basi linaloweza kutoka nyuma yako upande huo huo. Subiri taa yako, kisha kioo na bega, hata kama barabara nzima inaonekana tupu. Na njia yao usiingie kukwepa foleni.

11. Ukivuka mpaka, geuza mazoea

Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, au ukienda Burundi, magari yanapita kulia. Kioo chako cha kuovateki sasa ni cha kushoto, na milango ya madereva mara nyingi inafunguka kushoto. Simama dakika moja ng'ambo, ujirudie hayo kwa sauti.

Leo jioni ukifika nyumbani, kabla hujaifunika pikipiki, shika vioo vyote viwili kwa mkono. Kinachocheza kikaze usiku huo huo. Kisichokuwepo, kipitie dukani kesho kabla hujambeba abiria wa kwanza.