Shangazi, nisomee sheria chuo gani hapa Minnesota?

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 38. Naishi Brooklyn Park, Minnesota, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Tulikuja Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi. Nafanya kazi hospitalini zamu ya usiku, siku tatu kwa wiki, saa kumi na mbili kila zamu. Nimechoka kuona watu wetu wakiliwa pesa na matapeli wanaojiita wataalamu wa uhamiaji, na nimeamua kusomea sheria.

Niliomba nafasi katika vyuo vyote vitatu vya sheria vya jimbo hili. Chuo Kikuu cha Minnesota wameniweka kwenye orodha ya kusubiri. St. Thomas wamenikubali na kunipa ufadhili wa nusu ya karo. Mitchell Hamline wamenikubali nisome huku nikiendelea na kazi, ila ufadhili wao ni kidogo tu.

Kaka yangu mkubwa aliye Nakuru anataka nisubiri hicho cha kwanza. Anasema ukoo utafanya harambee nikienda chuo chenye jina, lakini kwa chuo cha jioni hawatachanga hata shilingi. Mume wangu anasema hicho cha jioni ndicho, la sivyo nyumba italipwa na nani? Mama naye hutegemea pesa ninazotuma za dawa. Kaka ndiye aliyenisomesha na sitaki kumkosea. Nifanyeje?

Muuguzi wa Usiku, Brooklyn Park

*



Kwanza tumweke kaka yako kando, maana nusu ya barua yako ni yeye. Aliyekusomesha unamshukuru na kumheshimu, na akiugua unamtumia za hospitali. Hata hivyo, siku ya mtihani wa uwakili hatakaa kitini mwako, na mkopo ukichelewa benki haitapiga simu Nakuru. Harambee ikifana sana italipa vitabu na labda kipande cha muhula mmoja. Sheria ni miaka mitatu ya kusoma siku nzima, au minne ukisoma huku unafanya kazi. Mwambie asante, mwambie utachagua mwenyewe, na umwambie kwa simu, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Haya, tuingie kwenye vyuo.

Kaka hajakosea kwamba Chuo Kikuu cha Minnesota kina jina. Kinafundisha sheria tangu 1888. Jengo lake linaitwa Mondale Hall kwa heshima ya Walter Mondale, aliyehitimu hapo 1956 kisha akawa Makamu wa Rais. Keith Ellison, Mwanasheria Mkuu wa jimbo lenu, ni mhitimu wa hapo pia. Na katika uhamiaji kimefanya kazi ya kuonekana. Mwaka 2015 kituo chake cha sheria za wahamiaji kilikuwa miongoni mwa walioshinda kesi ya Mellouli mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Mellouli alikuwa amefukuzwa nchini kwa kosa ambalo kiini chake kilikuwa soksi: alikutwa ameficha vidonge vinne ndani yake, na soksi ikahesabiwa kuwa kifaa cha dawa za kulevya. Mahakama ilisema hiyo haikutosha kumfukuza. Ungekuwa umepata nafasi hapo na ufadhili mkononi, barua hii ningeijibu kwa mistari miwili.

Lakini hujapata. Uko kwenye orodha ya kusubiri, na wanaotolewa humo huitwa dakika za mwisho, wakati fungu kubwa la ufadhili limeshagawanywa. Tena masomo yao ni ya siku nzima. Kaka anakushauri usubiri kitu ambacho kikija kitakuja na bei kamili, na kitakuondoa kazini.

Sasa nikuulize: jina unalitaka la nini? Anayetaka kuajiriwa na kampuni kubwa za mawakili zilizo kwenye maghorofa ya katikati ya Minneapolis, au kuwa karani wa jaji wa shirikisho, au kwenda kutafuta kazi New York, huyo jina litamfungulia milango, na ningemwambia alipe gharama yake. Wewe unataka kusimama na mtu wa Brooklyn Park mbele ya mahakama ya uhamiaji ya Fort Snelling. Mteja wako atauliza kama una leseni, kama unaelewa lugha yake na kama unapokea simu.

Na leseni haijui chuo. Wahitimu wa vyuo vyote vitatu hufanya mtihani uleule, siku mbili, Julai au Februari, na Minnesota humpitisha mwenye alama 260. Msahihishaji haoni ulisomea wapi. Mtihani wenyewe ni ule unaotumiwa na majimbo mengi ya Marekani, kwa hiyo mkihama unaweza kuhamisha alama zako mradi zifikie kiwango cha huko na muda wake haujapita. Tena sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho. Ukishakuwa wakili wa jimbo moja, unaweza kumtetea mteja wa uhamiaji aliye jimbo lingine.

Kwa hiyo acha orodha za majarida zinazopanga vyuo kwa namba. Yale na Harvard wenyewe walitangaza Novemba 2022 kwamba wanaacha kulipelekea jarida la U.S. News takwimu za kupangia, na jarida lilipobadilisha hesabu zake vyuo vikapanda na kushuka pasipo mwalimu hata mmoja kuhama. Ndani ya jimbo moja, ambako mahakama ni zilezile na mtihani ni uleule, namba hizo zinakusaidia kidogo sana.

Kinachokufaa ni taarifa ambayo Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, hulazimisha kila chuo kuitoa hadharani kila Desemba. Huitwa taarifa ya 509. Imo bure kwenye tovuti ya kila chuo. Chapisha zote tatu, ziweke mezani, uzisome na mumeo watoto wakishalala.

Pamoja nazo, angalia taarifa ya pekee ya wangapi hufaulu mtihani wa uwakili mara ya kwanza. Hapa sitakuficha: Mitchell Hamline kimekuwa chini ya wenzake wawili kwa kipimo hicho. Kisha tafuta taarifa ya ajira, inayohesabu wahitimu miezi kumi baada ya kumaliza. Usidanganywe na jumla ya walioajiriwa. Tafuta mstari wa kazi za kudumu, za muda wote, zinazohitaji leseni ya uwakili. Mhitimu anayeuza simu naye huhesabiwa kuwa ana kazi.

Halafu, kwenye ile ya 509, kuna mstari ambao watu wengi huuruka, nao ni wa ufadhili wenye masharti. Binti yangu, hapa ndipo nataka usimame. Vyuo kadhaa Marekani hutoa ufadhili kwa sharti kwamba mwaka wa kwanza upate wastani fulani wa alama. Ukisoma barua unaona sharti jepesi. Wewe uliyefaulu uuguzi utashindwaje kupata wastani huo? Ila alama za mwaka wa kwanza wa sheria hugawanywa kwa kuwalinganisha wanafunzi. Hata darasa zima likiandika majibu mazuri, lazima wengine wawekwe chini. Na somo moja mara nyingi huamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho wa muhula, saa tatu au nne hivi, unaobeba karibu alama zote. Hakuna cha kusema nitajikomboa kwenye majaribio ya katikati. Mtoto akiugua wiki hiyo, ufadhili umekwenda, na mwaka wa pili unaanza kwa karo kamili huku umeshakopa mwaka wa kwanza. ABA huvitaka vyuo vyenye masharti ya namna hiyo vionyeshe wanafunzi wangapi walianza na ufadhili na wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa.

Hujaniambia kama barua yako ya St. Thomas ina sharti lolote. Isome tena. Kama hakuna linaloonekana, waandikie uwaulize waziwazi: nikibaki mwanafunzi halali, nusu hii ya karo ni yangu kwa miaka yote mitatu?

Kingine ulichonificha ni alama zako za LSAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea sheria. Taarifa ya 509 huonyesha alama za mwanafunzi wa katikati, na za robo ya juu na robo ya chini. Ukijikuta juu ya robo ya juu ya Mitchell Hamline, basi kiwango chao cha kufaulu kinakuhusu kidogo kuliko kinavyomhusu aliyeingia na alama za chini. Ukijikuta chini ya robo ya chini, jiulize mara mbili, na panga kuanzia sasa pesa na miezi miwili mitatu ya kujifungia kujiandaa na mtihani wa uwakili.

Alama hizo ndizo pia silaha yako. Vyuo viwili vilivyokukubali, kimoja Minneapolis na kingine barabara ya Summit kule St. Paul, vinagombea wanafunzi walewale. Wewe uliyekulia Kenya unajua bei ya kwanza ya soko la Gikomba si bei. Chukua barua ya St. Thomas, waandikie Mitchell Hamline kwa adabu, waambie unapenda ratiba yao ila ufadhili wa wenzao ni mkubwa zaidi, uwaulize kama wanaweza kukuongezea. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, hawatakuona huna haya. Wakikataa, umepoteza barua pepe moja.

Sasa saa zako. St. Thomas nakisifu. Ni chuo cha Kikatoliki, sheria yake ilifunguliwa upya 2001, na kila mwanafunzi hupewa wakili au jaji wa kumlea katika kila mwaka wa masomo. Kwa mhamiaji asiye na mjomba kortini, hilo si dogo. Ila ukisoma huko mchana kisha uingie zamu usiku, mwaka wa kwanza utakumaliza. Wewe ni muuguzi, unajua vizuri kuliko mimi makosa anayofanya mtu asiyelala. Kwenda huko ni kuacha kazi, au kubaki na zamu moja ya wikendi, na hapo swali la mumeo linarudi na ni swali la haki.

Na mkopo hautaziba pengo kama zamani. Kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026 hawatapata tena ule mkopo wa serikali uliokuwa ukifunika gharama zote za shahada za juu. Mwanafunzi wa sheria ana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na anayesoma nusu muda hupunguziwa kwa kadiri ya masomo anayochukua. Ukipita hapo unaenda benki binafsi, ambako riba huwa juu na mara nyingi hudai mdhamini. Usimwombe shemeji wala mchungaji aweke sahihi hiyo.

Kuhusu hicho mnachokiita chuo cha jioni, mpelekee kaka habari hizi. Mitchell Hamline kilizaliwa 2015 vyuo viwili vilipoungana, na mizizi yake ni shule ya sheria ya usiku iliyoanza St. Paul mwaka 1900. Warren Burger alisoma humo usiku huku akiuza bima mchana, akahitimu 1931. Baadaye akawa Jaji Mkuu wa Marekani, kuanzia 1969 hadi 1986. Lakini mimi nakupa Rosalie Wahl. Aliingia darasani 1962, akiwa na miaka 38 kama wewe, mama wa watoto wanne. Wa tano akamzaa akiwa mwanafunzi. Alihitimu 1967, na miaka kumi baadaye akateuliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Minnesota. Kaka akisema hapo hapana jina, muulize yeye analo lipi.

Jingine ambalo hukuliuliza. Mitchell Hamline kinasifika nchini kwa sheria za afya, na wewe una miaka ya wodini. Jimbo lenu ndiko iliko Mayo Clinic, na kampuni kubwa za bima na vifaa vya tiba. Uhamiaji utakupa kazi ya moyo. Sheria za afya zinaweza kukupa mshahara unaolipa nyumba na dawa za mama. Somea vyote viwili, mlango mmoja ukifunga utatokea kwa mwingine.

Basi uamuzi wangu, kwa ulivyonieleza: nenda Mitchell Hamline kwa mpango wa nusu muda, uhamie zamu za mchana za wikendi, na uombe waongeze ufadhili. Nitabadili mawazo kwa jambo moja tu: St. Thomas wakikuthibitishia kwamba nusu karo haina sharti la alama, na bajeti yenu ikionyesha mnaweza kuishi miaka mitatu kwa mshahara wa mumeo na zamu moja yako. Orodha ya kusubiri iache ilivyo, wakikuita na ufadhili mnono utaniandikia tena.

Amana ya kushikilia nafasi mara nyingi hairudishwi. Usimlipe yeyote kabla hujapata majibu yao kwa maandishi.