Taa ya Kofia

Kijana mmoja wa Kamina alishona taa ndogo na betri katika kofia yake, ili imwangazie njia usiku. Usiku wa pili aliinama afunge kiatu, taa ikazimika. Akarudi nyumbani akipapasa gizani.

Asubuhi akaenda kwa fundi. Fundi akavuta waya kwa kidole, ukang'oka mara moja. Akasema, "Mwanangu, uliyadondosha madini ya kulehemu juu ya waya baridi. Hayakushikamana nao."

Madini hayo ni bati na risasi. Bati huyeyuka kwa joto la digrii 232, na risasi 327. Lakini ukichanganya sehemu 63 za bati na 37 za risasi, huyeyuka kwa digrii 183 tu. Waya wa shaba hauyeyuki mpaka digrii 1085.

Basi, toa betri kwanza. Kwangua waya hata ung'ae. Upashe moto kwa chuma cha kulehemu, kisha uuguse kwa madini: waya wenyewe uyayeyushe. Usiutikise hata upoe. Mwisho, funga waya kwa uzi katika kitambaa, karibu na kiungo, na uuache ulegee kidogo. Kofia hukunjwa kila siku. Uzi uchukue mvuto, si kiungo. Kisha nawa mikono, kwani risasi ni sumu.

Kijana akafanya hivyo. Akainama, akaruka, taa haikuzimika.

Maswali
1. Kwa nini waya uling'oka?
2. Uzi una kazi gani?