Sabili ya Kaiser Istanbul na fuvu la Kalenga

Waislamu wetu wanaopita Istanbul, kwa biashara au wakielekea Umra, aghalabu hufika kwenye uwanja ulio karibu na Msikiti wa Sultan Ahmed. Kaskazini mwa uwanja huo kuna kijengo cha pembe nane, chenye nguzo nane na kuba, na mabomba ya maji ubavuni. Waturuki wanakiita Chemchemi ya Mjerumani. Watu hupiga picha wakaenda zao. Msomaji wa Iringa na Mbeya ana sababu ya kusimama hapo zaidi kidogo, kwani aliyekitoa ni mfalme yule yule ambaye askari wake walikata kichwa cha Mkwawa.

Kaiser Wilhelm II alimtembelea Sultan Abdulhamid II mwezi Oktoba 1898. Kwa kumbukumbu ya ziara hiyo akaujengea mji sabili, yaani mahali pa wapita njia kupata maji bure. Mawe yalichongwa Ujerumani, yakasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa mwaka 1900. Uzinduzi ulifanyika tarehe 27 Januari 1901, siku ya kuzaliwa kwa Kaiser mwenyewe! Ndani ya kuba kuna nakshi za dhahabu, na humo jina la Sultan na herufi za Kaiser zimewekwa pamoja.

Wenyeji wana simulizi yao juu ya mahali hapo. Wanasema zamani palisimama mti mkubwa, na mwaka 1656 askari walioasi waliwatundika juu yake wakubwa wa kasri. Watu walipoona miili ikining'inia matawini waliufananisha na mti wa Wakwak, ule wa hekaya za kale ambao matunda yake ni watu. Jina likabaki, na sabili inasemwa kuwa imejengwa pale pale.

Kwa anayeijua Kalenga, hekaya ya mti uliozaa watu si ya mbali. Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa tarehe 30 Oktoba 1894. Akaingia porini, akapigana nao karibu miaka minne, huku kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa kikakatwa na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani.

Hesabu miezi, ndugu msomaji. Julai kichwa kinakatwa Uhehe. Oktoba Kaiser anakaribishwa kwa heshima zote na Khalifa wa Waislamu. Novemba yuko Damascus, amezuru kaburi la Salahuddin na kujitangaza rafiki wa Waislamu milioni 300.

Haki ituongoze pia kusema kwamba upande wa Mbeya mambo yalionekana vingine. Merere wa Wasangu alishirikiana na Wajerumani dhidi ya Wahehe waliokuwa wamemtoa katika nchi yake, na ni Wajerumani waliomrudisha. Kwake yeye walikuwa waokozi. Abdulhamid naye alikuwa amezungukwa na dola zilizokuwa zikimmega ardhi, akahitaji rafiki. Simlaumu kwa kupokea maji. Lakini urafiki ule ulikuwa na bei yake. Novemba 1914, Abdulhamid akiwa ameshaondolewa madarakani, dola ya Uthmaniya ilitangaza jihadi upande wa Ujerumani, na wito huo ukasambazwa na wakoloni hadi huku kwetu, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wampiganie Kaiser.

Vita ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu cha 246. Waislamu wachache wanakijua. Kifungu hicho kimoja kiliidai Ujerumani vitu viwili: fuvu la Mkwawa, na Msahafu wa Sayyidna Uthman (RA) uliochukuliwa Madina na Waturuki na kusemekana kuwa alizawadiwa Kaiser. Fuvu lilirudi mwaka 1954, likiletwa na Gavana Twining, na limehifadhiwa Kalenga.

Na Uthman huyo huyo ndiye mwenye sabili iliyo mfano kwetu. Waislamu wa Madina walipopata shida ya maji, Mtume (SAW) alihimiza kisima cha Ruma kinunuliwe, na mnunuzi awe na ndoo yake sawa na ndoo za wengine. Uthman akakinunua kwa mali yake, akakifanya waqfu. Sharti la ndoo sawa ndilo la kuangaliwa: mtoaji anakunywa foleni moja na maskini. Aya ya 9 ya Suratul-Insan inawasifu wanaotoa bila kutaka malipo wala shukrani.

Visima vya misaada viko misikitini na shuleni kwetu, vingine vikiwa na kibao cha mfadhili kikubwa kuliko bomba lenyewe. Kamati za misikiti zivipokee, watu wana kiu. Ila ziulize kwanza mfadhili anataka nini, na zisisaini sharti ambalo haziwezi kulisoma hadharani baada ya Ijumaa.

Walimu wa madrasa wa Iringa nao wana kazi nyepesi, kwani Kalenga ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Watakapowapeleka watoto kuliona fuvu, wawasomee na kifungu cha 246.